Kinga inalala wapi? Historia ya baiskeli ndani ya chumba cha kupanga



Leo tuongee juu ya kitu ambacho wengi wetu tumelala nacho chumba kimoja miaka mingi bila kukiandikia hata ukurasa mmoja: baiskeli, ao kama tunavyosema kwetu, kinga.

Mwanafunzi akitoka Wamaza, Kabambare ao Kasongo na kwenda Kindu kusoma, mara nyingi anapanga chumba kimoja cha uani, cha mita 3 kwa 3. Humo anaweka kitanda, sanduku, meza ya vitabu, bido ya maji, jiko la makala. Halafu pembeni ya kitanda, imeegemea ukuta, iko kinga. Mgeni akiingia anapita kwa ubavu. Usiku ukiamka kwenda inje bila taa, pedali inakugonga mguu.

Pigeni hesabu. Kinga ya kawaida ina urefu wa karibu mita 1 na sentimita 80, na usukani wake una upana wa sentimita 60 hivi. Ukiisimamisha inakula zaidi ya mita mraba moja. Chumba chote ni mita mraba tisa. Maana yake, ukilipa pesa ya nyumba miezi tisa, mwezi mmoja mzima umeilipia kinga.

Wenye parseli wengine hawataki kabisa. Mmoja aliniambia siku ya kwanza, hata sijashusha mzigo: "Wewe lala ndani, kinga ilale inje. Nyumba yangu haiko garaji." Na kati yetu sisi wasomi, wako wanaoona haya. Wanaifunika shuka mgeni akibisha hodi, ao wanasema ni ya mjomba, atakuja kuichukua. Kulala na kinga kunaitwa ushamba.

Mimi nakataa hilo neno. Kinga iko ndani ya chumba kwa sababu ya mambo yaliyotupata, na mambo hayo yana miaka na majina. Tuyafuate polepole.

*Kabla ya kinga, mzigo ulikuwa kichwani*

Kasongo ya zamani, ile ya Tongoni, ilikuwa mji mkubwa wa Tippu Tip na watu wake kati ya miaka ya 1870 na 1880. Pembe za ndovu zilitoka huku kwetu, zikapita Ujiji na Tabora mpaka Bagamoyo, zote juu ya mabega na vichwa vya watu. Mpagazi mmoja alibeba kilo 30 hivi. Wengi walikuwa watumwa, na wengi hawakurudi. Kiswahili tunachosema leo Maniema kilitembea njia hiyohiyo, pamoja na mizigo.

Aprili 1893 askari wa Leopold II chini ya Dhanis waliingia Kasongo. Januari 1894 wakachukua na Kabambare. Bwana akabadilika, lakini mzigo haukushuka kichwani. Wakati Wabelgiji walipokwenda kupigana na Wajerumani mpaka wakaingia Tabora, Septemba 1916, risasi na chakula vilibebwa na wapagazi wa Kongo.

Reli ya CFL toka Kindu mpaka Kongolo ilifunguliwa mwishoni mwa 1910. Ilisaidia, ndiyo. Lakini reli ile inapita upande wa magharibi wa Lualaba, na sisi tuko mashariki. Mtu wa Wamaza ao Kabambare mwenye gunia la mchele alibaki na swali lilelile: nani atalibeba mpaka sokoni? Jibu la swali hilo, kwa karibu miaka mia moja sasa, limekuwa kinga.

*Mpira wa Kongo, gurudumu la Ulaya*

Sasa kinga yenyewe ilitoka wapi? Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli aliyoiita Rover: magurudumu mawili ya ukubwa mmoja, na nyororo inayozungusha gurudumu la nyuma. Ukiitazama unaona kwamba ni kinga yetu hii tu. Mwaka huohuo 1885, Leopold II alijipatia nchi yetu na kuiita Dola Huru la Kongo.

Miaka mitatu baadaye, 1888, John Boyd Dunlop, mganga wa wanyama huko Belfast, alitengeneza tairi ya mpira yenye upepo ndani, kwa ajili ya baiskeli ndogo ya mtoto wake ya magurudumu matatu. Watu wa Ulaya na Marekani wakaipenda. Katika miaka ya 1890 kila mtu alitaka baiskeli, na kila baiskeli ilitaka mpira.

Mpira huo ulikuwa katika misitu ya Kongo. Watu walilazimishwa kuingia porini kukamua kamba za mpira, hasa upande wa Ekwateri. Aliyeleta mpira kidogo alipigwa fimbo, wanawake walifungwa mpaka waume zao walete kiasi kilichotakiwa, na mikono ilikatwa. Dunia ilipiga kelele mpaka mwaka 1908 nchi ikatolewa mkononi mwa Leopold na kuwekwa chini ya serikali ya Ubelgiji. Kwa hiyo kabla Mkongo hajapanda kinga, kinga ilikuwa imekwisha kumpanda.

Na haikuishia hapo. Mwanzoni mwa 1942 Wajapani walichukua Malaya na Singapore, kulikokuwa na mashamba makubwa ya mpira. (Askari wao wengi walishuka ile njia ya Malaya juu ya baiskeli.) Wazungu wakakosa mpira, wakageukia tena msitu wa Kongo. Kazi ya lazima ya wanakijiji ikapandishwa toka siku 60 mpaka siku 120 kwa mwaka, na mpira wa porini ukarudi kati ya kazi hizo. Ukishika tairi ya kinga yako, kumbuka kwamba babu zetu wamekwisha kuilipia mara mbili.

*Kinga ya moniteri, kinga ya evolwe*

Tarehe 20 Februari 1917 ilitoka amri iliyoruhusu serikali ya koloni kulazimisha watu kulima mazao fulani. Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza kulimishwa pamba. Mchele nao ukafuata. Wazee wetu wanasimulia kwamba kinga ya kwanza waliyoizoea kijijini ni ya moniteri wa kilimo: inasikika kengele, watoto wanakimbia, wakubwa wanaogopa, juu anakuja kupima shamba. Aliyekuwa hajalima alifungwa ao alipigwa.

Polepole kinga ikashuka toka kwa moniteri mpaka kwa katekista, mwalimu, karani, fundi, na mkulima aliyeuza vizuri. Kwa kijana wa miaka ya 1950, kinga ilikuwa kitu cha kuchumbia. Bazee wanasema: "Ukikuja kwa bakwe na kinga, banakutolea kiti."

Lakini tazameni jambo moja. Serikali ya koloni ilianzisha karata ya mstahili mwaka 1948, halafu imatrikulasio mwaka 1952, kwa Wakongo waliotaka kuhesabiwa kama "watu walioendelea", wale walioitwa evolwe. Ili uipate, watu walikuja mpaka nyumbani kwako kutazama: unakula na kanya, nyumba yako ni safi, bibi yako anaipanga namna gani? Hapo njo naona mwanzo wa haya tunayoiona leo. Tulifundishwa kwamba kuna mgeni anakuja kukagua, na kwamba kila kitu cha kazi, jembe, kinu, kinga, kinatakiwa kisionekane akifika. Mgeni yule aliondoka mwaka 1960. Shuka tunayofunika juu ya kinga ilibaki.

*Nchi inavunjika, kinga inabeba*

Baada ya uhuru, Kindu na Kasongo ziliona uasi wa Simba mwaka 1964. Tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianizasio: maduka na mashamba ya wageni yakapewa Wazairi, wengi wao watu wa karibu na utawala. Duka lililokuwa na mipira, spoki na nyororo likafunguliwa na mwenye mpya, likauza kilichokuwamo, likafungwa. Toka hapo fundi wa kinga akawa mtu mkubwa katika kijiji: anashona tairi kwa waya, anakata kandambili kutengeneza breki.

Balabala nazo zikaliwa na majani. Lori lililokuwa likifika kila juma likaanza kufika kila mwezi, halafu likaacha. Kinga ikabadilika kazi: ikaacha kubeba mtu, ikabeba mzigo, na mtu akatembea pembeni. Mnajua ginsi inavyofanywa: fimbo moja inafungwa kwenye usukani, nyingine inasimama nyuma ya kiti, na mwenye kinga anaisukuma kwa mikono miwili kama anayesukuma ngombe mkaidi. Mipando, anashuka nayo huku ameishika kwa nguvu zote. Mito, anaibeba. Toka Kasongo mpaka Kindu ni zaidi ya kilomita 200. Mchele, karanga na mafuta ya mawese vinakwenda. Chumvi, sabuni, vikwembe na madaftari vinarudi. Mpagazi wa Tippu Tip alibeba kilo 30. Msukuma kinga anapita kilo 100.

Minervali yangu ya sekondari ililipwa hivyo. Baba alisukuma, mimi nikasoma. Na najua kwamba kati ya wanaosoma maneno haya, siko peke yangu. Ukihesabu diplomi za watu wa kwetu, utakuta nyingi zimepita juu ya magurudumu mawili.

*Vita inaiingiza ndani*

Oktoba 1998 Kindu iliingia mikononi mwa RCD. Miaka iliyofuata, kati ya askari wa upande huu na Mayi-Mayi wa upande ule, kijiji cha Maniema kilikuwa katikati. Treni zikasimama. Kinga ikabaki lori, ambulansi na benki, vyote pamoja: mgonjwa alifungwa juu yake kwenye kiti cha mianzi, na familia iliyokimbilia porini iliweka juu yake sufuria, mtoto mdogo na bibi asiyeweza kutembea.

Kwa sababu hiyohiyo, kila mwenye bunduki aliitaka. Katika kila kizuizi swali lilikuwa la kinga kwanza. Nyumba ilipoingiliwa usiku, mbuzi, kuku na kinga ndivyo vilivyotoka. Watu wakajifunza. Wengine waliifungua vipande vipande: fremu juu ya dari, magurudumu chini ya kitanda, nyororo ndani ya chungu. Kinga isiyo na gurudumu haimvutii mwizi sana. Wengine waliifunga kwenye mguu wa kitanda ili akiivuta, waamke.

Mimi nilikuwa mtoto, lakini hilo nalikumbuka: kwetu, kinga ilikuwa inaingia ndani kabla ya sisi watoto kuitwa. Baba akiisha kuiingiza, mlango unafungwa, na siku imekwisha.

Amani ilitiwa sahihi, serikali ya mpito ikaanza mwaka 2003. Lakini mazoea ya usiku hayatii sahihi. Na kusema kweli, huko kwetu Kabambare watu wenye silaha hawakuisha mwaka ule. Njo maana mtoto aliyezaliwa baada ya vita, akifika Kindu na kupanga chumba, anaingiza kinga bila kujiuliza. Ameona baba yake akifanya, na baba yake alikuwa na sababu.

*Si sisi peke yetu*

Msifikiri ni jambo la Maniema tu. Kisangani, watu waliunda toleka, kinga ya kubeba abiria, jina la Kilingala lenye maana ya "tupite". Mji ule ulipigwa mabomu na majeshi ya Rwanda na Uganda siku sita za Juni 2000, na toleka ikaendelea kulisha familia mpaka pikipiki za Kichina zikaja kuisukuma pembeni.

Twende mbali zaidi. Uholanzi leo ni nchi ya kinga, mawaziri wanaenda kazini nayo. Julai 1942 Wajerumani waliotawala nchi hiyo walianza kunyang'anya watu baiskeli. Waholanzi wakafanya kama baba zetu: wakazificha ndani ya nyumba, katika shimo la chini, juu ya dari. Miaka mingi baada ya vita, Mholanzi alipomtania Mjerumani, alimwambia: "Nirudishie baiskeli yangu."

Lakini wao waliendelea na hatua moja ambayo sisi hatujaifika. Waliweka katika kanuni za ujenzi kwamba nyumba mpya iwe na kibanda cha kufunga kwa ufunguo, cha kuwekea baiskeli. Mwaka 2003 sharti hilo liliondolewa. Watu wakalalamika, na mwaka 2012 likarudishwa. Maana yake, pale, mahali pa kinga kulala ni jambo la sheria.

Na London, katika miaka ya 1970, Andrew Ritchie alitengeneza ndani ya chumba chake baiskeli inayokunjwa mpaka inabebeka kama sanduku. Dirisha lake lilitazama kanisa la Brompton, na jina hilo njo aliipa baiskeli. Leo ni baiskeli ya bei kali, na mwenye nayo akiiingiza ndani hakuna anayesema ushamba. Wanasema ni mtu wa kisasa. Kinga ndani ya chumba ni ileile. Kilichobadilika ni nani analala nayo.

*Basi tufanye nini?*

Kwanza, tuache haya. Kinga pembeni ya kitanda ni alama ya mtu anayejua thamani ya kitu chake na anayekumbuka kilichotokea. Mwenye parseli anayesema "ilale inje" anakuomba ubebe hatari peke yako: ikiibwa, atasema pole, na wewe utakuwa umepoteza mwaka wa masomo.

Pili, tuongee mapema. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupanga nyumba ya kukaa inasema garanti isipite pesa ya miezi 3. Wengi tunabishana juu ya garanti tu, tunatoa pesa, tunachukua ufunguo. Kinga inakuja kuwa vita siku ya pili. Siku ileile ya kuandikiana mkataba, uliza: kinga italala wapi? Kama ni ndani, iandikwe. Kama ni inje, pawe na mlango na kufuli.

Tatu, kwa sasa, wakati bado iko ndani, tuipange vizuri. Legeza usukani na uugeuze ulingane na fremu, upana unapungua sana. Itundike kwa gurudumu la mbele ikasimama wima, itakula nafasi ndogo kuliko ikilala chini. Lakini msipige msumari katika ukuta wa matofali ya udongo yasiyochomwa: ukuta utabomoka na kinga itakuangukia usiku. Tafuta mti wa paa chini ya manjanja, ao simamisha nguzo. Masika, futa tope mlangoni kabla ya kuingiza, hapo mwenye parseli anakosa neno. Na pikipiki ni jambo lingine: ina mafuta, na chumba kina jiko. Hiyo isilale na mtu.

Nne, na hili nawaambia wale wetu waliosoma ujenzi, na wale ambao kesho watajenga parseli zao: mkichora vyumba sita vya kupangisha, choreni na kibanda kimoja cha kinga, chenye ukuta, paa na kufuli, karibu na mlango wa mwenye nyumba. Si gharama kubwa. Sisi wenyewe njo wapangaji wa jana. Tukijenga kama waliotutesa, tutamlaumu nani?

Mwisho, ombi. Likizo mkienda nyumbani, kaeni na wazee, mchukue daftari. Waulizeni kinga ya kwanza ya familia ilinunuliwa mwaka gani, kwa mchele kiasi gani, ilipita njia zipi, nani aliinyang'anya, na wakati wa vita ililala wapi. Andikeni. Vitabu vya historia ya Maniema vina majina ya Tippu Tip na Dhanis. Havina jina la mtu hata mmoja aliyesukuma gunia la mchele toka Wamaza mpaka Kindu ili mtoto wake asome. Wazee hao bado wako, lakini kila mwaka wanapungua.